Anko Karata Anajibu: Kitabu Gani cha Poka Ninunue?

Mwezi huu barua ni nyingi alafu karibu zote zinauliza kitu kimoja, vitabu vya poka, sijui nani kawaambia nina duka la vitabu. Sina. Nina meza moja ya mninga hapa Ujiji, vitabu sita vilivyobaki baada ya mchwa kula viwili, na miaka kadhaa niliyogawa karata kwenye kasino moja Dar kabla sijachoka kukesha nikarudi nyumbani. Basi ntajibu kwa hayo niliyonayo, na naanza na barua iliyonichekesha.

SWALI: Anko shikamoo. Mi mvuvi wa dagaa Katonga. Mwezi ukiwa mkubwa hatuingii ziwani, si unajua taa hazivuti kitu, basi siku zile zote tupo kambini tunacheza poka ile ya karata mbili mkononi na tano mezani. Tunachezea vizibo vya soda, kila mtu anaanza na vizibo 100, wa kwanza kuishiwa ndo ananunua ugali na migebuka ya watu wote. Nimeliwa miezi minne mfululizo anko. Mshkaji wangu wa Dar kanitumia majina ya vitabu kumi na moja, anasema ndo bora duniani, hela yangu inatosha kimoja tu. Nichukue kipi? Kingereza changu cha fomu foo.

JIBU: Marahaba mwanangu na pole sana. Mvuvi kununua samaki awalishe wavuvi wenzie, hii nimeisimulia barazani watu wakamwaga kahawa. Nilishakujibu kwa simu kabla mwezi haujawa mkubwa ila naandika tena maana kuna wengi wenye shida kama yako na hawana namba yangu.

Hiyo orodha ya kumi na moja weka pembeni kwanza. Aliyeitunga hajawahi kukaa kambini kwenu, hajui nani anapenda mkwara, yaani kutisha kwa dau wakati karata hana, na nani akishapata jozi yoyote hang'oki. Hapo hapo Katonga mafundi mitumbwi wakiletewa chombo kinachovuja hawaanzi kukalafati popote pale ili mradi wamepaka, wanatafuta kwanza maji yanaingilia wapi. Na wewe fanya hivyo. Chukua daftari la mia nane, kila ukiliwa mkono mkubwa (mkono ni mgao mmoja wa karata mpaka apatikane mshindi) andika karata zako zilikuwa zipi, ulikuwa wa ngapi kuongea, nani alipandisha dau, na ulikuwa unafikiria nini wakati unaitikia, yaani unalipa dau la mwenzio ubaki mchezoni. Hilo la mwisho ndo muhimu na ndo watu wanaona aibu kuliandika. "Nilijua kanizidi ila nilishaweka vizibo vingi." Andika hivyo hivyo. Ukifikisha mikono ishirini thelathini tundu litajionyesha lenyewe.

Ulipopiga tena ukanisomea daftari lako kwenye simu mimi nilisikia kitu kimoja tu kinajirudia, unaingia na karata nyingi mno. Kuna aina 169 za kuanzia ukihesabu jozi, zinazofanana alama na zisizofanana, na wewe ulivyonisimulia ni kama unacheza mia na hamsini. Ree na nne, unaingia. Kingi na sita, unaingia, eti kwa sababu kuna picha. (Nyie vijana mnasema esi, hapa Ujiji wazee wanasema ree, na alama zina majina yake, kopa, uru, shupaza na pau, nayapenda ntaendelea nayo.) Ukiingia na ree na nne ukapata ree mezani unafurahi, kumbe mwenzio ana ree na kwini, kwini yake inaipiga nne yako, unamfuata mpaka karata ya mwisho unamalizia vizibo. Hapo siyo bahati mbaya, umejipeleka mwenyewe.

Kwa tundu hilo mimi ningechukua Harrington on Hold'em (hold'em ndo hiyo hiyo poka yenu ya mbili mkononi na tano mezani), juzuu ya kwanza, ya Dan Harrington na Bill Robertie, ilitoka 2004. Harrington alichukua ubingwa wa dunia 1995, alafu 2003 akamaliza wa tatu kati ya wachezaji 839 na mwaka uliofuata wa nne kati ya 2,576, kwa hiyo siyo mtu aliyebahatisha siku moja akakimbilia kuandika. Ila sababu ya kukuchagulia siyo vikombe vyake. Ni kwamba kila sura inaishia na mifano ya mikono, anakuonyesha karata, anakuuliza ungefanyaje, alafu ndo anajibu na kueleza kwanini. Kingereza chake chepesi, sentensi fupi, fomu foo inatosha kabisa ukiwa na kamusi pembeni. Sababu ya pili, kitabu hicho ni cha mashindano, yaani ukiishiwa umetoka, na mchezo wenu huo wa migebuka hata kama hamjui ni mashindano.

Ukipata nafuu ya hela, juzuu ya pili ndo ina kile kitu wanakiita M. Unachukua vizibo vyako unagawanya kwa jumla ya dau la lazima la raundi moja, lile watu wawili kwa zamu wanaliweka kabla ya karata kugawiwa. Tuseme una vizibo 60 na dau la lazima mnaweka 2 na 4, jumla 6, basi M yako ni 10, ina maana ukikaa tu bila kucheza mkono hata mmoja utazungukwa mara kumi umekwisha. Ikiwa 20 na kuendelea una nafasi ya kusubiri na kucheza kwa utulivu. Ikianza kushuka chini ya hapo huwezi tena kuchezea vile vikarata vidogo vinavyohitaji subira, na ikishuka chini ya sita maneno mengi yameisha, ukipata karata ya kueleweka unasukuma vyote au unatupa. Wewe ulikuwa unafanya kinyume, ukiwa na vizibo vingi unaogopa, vikibaki kumi na tano ndo unaanza kuitikia itikia dau dogo dogo.

Kitu kimoja nikwambie usije ukanilaumu. Mabingwa wa leo wanasema mashauri ya 2004 ni ya woga sana, siku hizi watu wanapandisha dau na karata nyingi zaidi. Kweli. Lakini hao wanacheza na watu wanaojua kutupa karata. Kambini kwenu kuna mtu anatupa? Wote wanaitikia mpaka mwisho waone. Kwa meza kama hiyo, mbinu ya woga ndo inakula, unasubiri karata nzuri, ukiipata unaweka dau nene, wanaitikia wenyewe.

Na ukikinunua usikisome kitandani. Tandika mkeka, toa karata, panga ule mkono ulioandikwa kitabuni, funika jibu kwa kipande cha karatasi, sema kwa sauti ungefanya nini na kwanini, ndo ufunue. Kurasa nne kwa usiku zinatosha. Nimeona watu wamesoma vitabu vinane na bado wanaitikia na ree na nne.

SWALI: Habari ya kazi. Ni mwalimu wa hesabu kwenye sekondari moja hapa Tabora. Nimekopa vitabu viwili kwa rafiki. Kimoja kinasema nikiwa na karata nne za kopa baada ya zile tatu za mwanzo kufunuliwa mezani, nafasi ya kupata ya tano ni asilimia 35. Kingine kinasema asilimia 19. Nani muongo? Na je kuna kitabu cha poka chenye hesabu za kweli kweli, siyo hadithi?

JIBU: Nzuri mwalimu, heshima kwako. Hakuna muongo, kila mmoja anajibu swali lake, na hapo ndo hela nyingi za watu zimepotelea kwa hiyo niruhusu nikae kidogo.

Unachosaka ni karata tano za alama moja, mkono mkubwa huo. Kopa zote ni 13, wewe unaziona nne, zimebaki 9. Karata usizoziona ni 47. Karata inayofuata tu, ni 9 kwa 47, hiyo ndo asilimia 19. Ukihesabu karata mbili zote zilizobaki, unachukua 38 kwa 47 mara 37 kwa 46 ndo nafasi ya kukosa zote mbili, inakuja kama 65, kwa hiyo kupata ni 35. Mezani watu hawagawanyi hivyo, wanahesabu karata za kuwaokoa wanazidisha kwa 2 ikibaki karata moja na kwa 4 zikibaki mbili. Tisa mara mbili 18, tisa mara nne 36. Siyo sawasawa ila inatosha kwa mtu anayeangaliwa na watu watano wanamsubiri.

Sasa utumie ipi? Tuseme mezani kuna vizibo 20, jamaa kaweka 10. Unatakiwa utoe 10 kwa ajili ya 30, ina maana lazima ushinde angalau mara moja katika nne, asilimia 25. Mwenye kitabu cha 35 anaitikia kwa raha zote. Mwenye kitabu cha 19 anatupa. Na mwenye haki hapo mara nyingi ni wa 19, maana ile 35 ni ya mtu atakayeziona karata zote mbili bila kuongezewa dau tena, mfano yule jamaa kashamaliza vizibo vyake vyote. Kama bado anavyo, ikija karata ya nne siyo kopa ataweka dau lingine, na nene zaidi. Umelipia chumba cha siku mbili, asubuhi ya pili mwenye nyumba anagonga anadai tena.

Ila usiishie hapo pia. Mara 9 utapata na mara 38 utakosa. Ukikosa unapoteza 10 zako, mara 38 ni 380. Ili usipate hasara zile mara 9 inabidi zikuletee kama 42 kila moja, mezani zipo 30, kwa hiyo swali la kweli ni je, nikipata kopa ya tano huyu jamaa ataniongezea vizibo 13 zaidi? Kama ni mtu mgumu asiyejua kutupa, ataongeza, itikia. Kama akiona kopa tatu mezani anaacha mara moja, tupa. Unaona mwalimu, hesabu imeanza na karata imeishia kwenye tabia ya mtu.

Kwa vitabu. The Theory of Poker cha David Sklansky, kwa jina hilo kimetoka 1987, ndo ningekuanzishia. Wazo lake kubwa ni rahisi kulisema na gumu kuliishi, kwamba kila unapocheza tofauti na vile ambavyo ungecheza kama ungeziona karata za mwenzio, yeye ndo anafaidika, na yeye akikosea hivyo hivyo unafaidika wewe. Humo pia ndo utakuta imeelezwa vizuri ile nusu mkwara, yaani unapandisha dau ukiwa bado hujashinda lakini una karata za kukuokoa kama hizo kopa nne, wakikimbia umekula, wasipokimbia bado unayo nafasi. Tatizo lake, mifano mingi ni ya michezo ambayo wenzio Tabora hawachezi na dau lina kikomo, inabidi uchukue wazo uache mfano.

Hicho cha hesabu za kweli kweli kipo, The Mathematics of Poker cha Bill Chen na Jerrod Ankenman, 2006. Chen ana udaktari wa hisabati na mwaka huo huo alishinda mashindano mawili ya dunia kule Las Vegas. Wewe utakipenda, utakaa nacho likizo nzima chini ya mwembe. Ila sitakudanganya kwamba ukikimaliza utawala wenzio wiki inayofuata, kinafundisha kufikiri kwa mifano midogo midogo ya kufikirika, karata moja, dau moja, watu wawili. Ni kama kumfundisha mtu mwendo wa maji kabla hujampa kasia.

SWALI: Anko, nitumie pidiefu ya bure ya hivyo vitabu vyote.

JIBU: Hapana. Ni kazi ya watu, alafu nyingi ninazoziona kwenye simu za vijana zimekatwa kurasa na zile jedwali za rangi zimekuwa kijivu tupu huelewi kipi ni kupandisha kipi ni kutupa. Changeni watu watano mnunue kimoja.

SWALI: Assalam aleikum. Mimi ni mama wa hapa hapa Ujiji. Mwanangu kamaliza fomu siksi anasubiri chuo. Wakati nafagia nimekuta chini ya godoro kitabu kimeandikwa The Biggest Bluff, kina picha za karata. Hakuna mtu wa kamari kwenye ukoo wetu. Nikichome?

JIBU: Waaleikum salaam mama yangu. Usikichome, kwanza ni ghali, pili hicho siyo cha kufundisha kucheza. Kimeandikwa na mwanamama anaitwa Maria Konnikova, ni msomi wa saikolojia, kilitoka 2020, anasimulia alivyoanza poka akiwa hajui hata karata za pakiti moja ni ngapi, akaenda kumuomba bingwa mmoja mkongwe Erik Seidel amfundishe, alichokuwa anatafuta ni kujua katika maisha kipi ni bahati na kipi ni uamuzi wako. Ni hadithi ya maisha. Wanunuzi wengi wanakosea hapo, wanakichukua wakidhani watapata mbinu, wanakuta simulizi. Simulizi tamu lakini.

Msimamo wa dini yetu kwenye kamari unaujua kuliko mimi, siwezi kukufundisha. Kwa upande wa serikali, michezo ya hela inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kwa sheria ya 2003, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi, na kuchezesha watu kwa hela bila leseni ni kosa. Kusoma kitabu siyo kosa. Ila mama, kitabu kilikuwa chini ya godoro, ina maana anajua hutapenda. Mimi ningekirudisha pale pale nikamwita nikamuuliza kimeandikwa nini humo. Akikusimulia vizuri basi ni msomaji. Akianza kigugumizi na simu yake inaita ita usiku wa manane na hela ya sokoni haifiki nyumbani, hapo kaa naye, na siyo kwa ajili ya kitabu.

SWALI: Mzee wangu shikamoo. Nafanya kazi stesheni Tabora. Kuna mtalii alikuwa anabadilisha treni ya kwenda Kigoma, kaniachia kitabu kinene sana kimechakaa, Super/System cha Doyle Brunson. Nimeambiwa ndo biblia ya poka. Nimesoma robo, sielewi, michezo mingine hata siijui. Alafu kuna jamaa hapa stesheni kila akipata kumi na mbili anasukuma vizibo vyote anasema ni karata ya huyo huyo mzee. Kweli?

JIBU: Marahaba. Kwanza tuweke sawa maana Kiswahili chetu hapa kinachanganya, siyo kumi na mbili ya kuhesabu, ni karata ya kumi na karata ya mbili. Brunson alichukua ubingwa wa dunia 1976 na 1977 na miaka yote miwili mkono wa mwisho aliomalizia ulikuwa kumi na mbili hizo, ndo maana mpaka leo zinaitwa kwa jina lake. Lakini aliangukiwa na bahati nzuri kupindukia na yeye mwenyewe alikuwa anajua hivyo. Huyo jamaa wa stesheni anaposukuma vizibo na kumi na mbili ukiwa na jozi kubwa mwitikie tu mapema kabla hajapata akili.

Kitabu kilitoka mwishoni mwa miaka ya 70, mzee alikichapisha mwenyewe, na kwanza kiliitwa kwa jina la kujigamba, jinsi alivyotengeneza zaidi ya dola milioni kwa poka. Umaarufu wake una sababu, kabla ya hapo waliojua walikuwa hawasemi, yeye akakusanya wakali wa kila mchezo, Sklansky niliyemtaja juu yumo, Bobby Baldwin yumo, Chip Reese yumo, kila mtu akaandika sura ya mchezo anaoujua. Ndo hapo robo uliyosoma ilipokushinda, kuna sura za poka ya kubadilisha karata, kuna za ile ya karata saba, kuna ambazo anayeshinda ni mwenye karata ndogo kuliko wote. Hizo ruka. Nenda moja kwa moja sura ya hold'em isiyo na kikomo cha dau ambayo Brunson kaiandika mwenyewe, soma anavyokandamiza watu, anavyopandisha dau mpaka mwenzie anachoka kuamua. Wazo lake bado lina nguvu.

Na hili liwe kwa wote mnaonunua vitabu vya mitumba. Kabla hujatoa hela fungua ukurasa wa ndani angalia mambo mawili, mwaka, na mchezo gani. Neno hold'em peke yake halitoshi. Kuna ya kikomo, dau linapanda kwa kiasi kilichopangwa, na kuna isiyo na kikomo unaweza kusukuma vyote muda wowote. Kwenye ya kikomo kufuata kopa zako nne mara nyingi kuna faida kwa sababu dau ni dogo ukilinganisha na kilichopo mezani. Ukihamisha ushauri huo kwenye isiyo na kikomo utafilisika huku kitabu kimeandika ukweli mtupu. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu wa Marekani, alishinda ubingwa wa dunia na dola milioni 2.5 baada ya kuingia kwa mchujo wa mtandaoni uliomgharimu dola 86, watu wakafurika kwenye ile isiyo na kikomo, na vitabu vya baada ya hapo vingi ni vya hiyo. Vya kabla ya hapo, uliza mara mbili.

SWALI: Bro siku hizi kuna programu za kompyuta zinatoa jibu la kila mkono, vitabu si vimekufa? Tabora, Isevya.

JIBU: Mdogo wangu nusu ya hoja yako iko sawa. Mwaka 2017 programu iliyoitwa Libratus ilikaa na mabingwa wanne kwa siku 20, mikono 120,000, ikawala wote, na 2019 ikaja Pluribus ikafanya hivyo kwenye meza ya watu sita. Baada ya hapo mtu akikuuzia kitabu kinachosema "usiwahi kufanya hivi" uwe na wasiwasi, maana mashine imeonyesha vingi tulivyoviita makosa siyo makosa. Kama unataka kitabu cha zama hizo kuna Modern Poker Theory cha Michael Acevedo, 2019, kimejaa jedwali na asilimia, ni kizito, siyo cha kuanzia.

Ila mashine inachotafuta ni mchezo ambao hata ukicheza na mjanja kuliko wote hakuli. Haikutafutii namna ya kumla jirani yako wa Isevya ambaye mkwara haujui na akipandisha dau karata ya mwisho ana karata kweli. Kwa huyo tupa tu, hata kama jedwali linasema itikia. Alafu programu nzuri zinataka kompyuta yenye nguvu, ile laptopu yako inayozima ukichomoa chaja sidhani.

SWALI: Habari anko. Mi ni dada nesi, zamu za usiku tukipata utulivu tunacheza, hela hakuna, aliyeliwa anapika chai. Nataka kitabu cha kusoma sura za watu maana wenzangu wote wananidanganya.

JIBU: Nzuri dada, na asante kwa kazi. Kinachojulikana zaidi ni cha Mike Caro, Caro's Book of Tells, 1984, kina picha za watu mezani na maelezo chini yake. Somo lake kuu nalikubali kwa macho yangu mwenyewe niliyoyakodolea watu miaka ile, kwamba mtu akijua anaangaliwa anaigiza kinyume. Akihema kwa huzuni, akiweka dau kama analazimishwa, ana mzigo huyo. Akirusha vizibo kwa kishindo akakukazia macho, mara nyingi anataka uondoke. Mikono ikianza kumtetemeka ghafla wengi wanadhani ni uoga wa mkwara, kumbe kapata karata kubwa.

Ila usianze na hicho. Kati ya wote niliowagawia karata, aliyekuwa anawala wenzie kila wiki alikuwa haangalii sura, anaangalia mtu kaweka dau kiasi gani na lini. Ukikosa daftari kama la yule mvuvi, sura utaisoma vile unavyotaka wewe iwe. Na kama ukishaliwa mkono mmoja unapaniki unataka kukomboa hapo hapo, basi tundu lako siyo sura za wenzio, chukua The Mental Game of Poker cha Jared Tendler, 2011, huyo ni mtaalamu wa akili za wachezaji, anakueleza hasira za mezani ziko za aina nyingi na kila moja inavyoanza. Wewe nesi utamwelewa haraka, anachunguza kabla hajatoa dawa.

SWALI: Anko, tunaandika kutoka Katonga, tupo wanne. Kuna mwenzetu mbalamwezi hii kaja na daftari. Kila mkono ukiisha anaenda nyuma ya mtumbwi anaandika, tukimuuliza anasema mahesabu ya dagaa. Na hajanunua migebuka. Anaandika nini?

JIBU: Mahesabu ya dagaa.